Nilipokea Mkoba wa Mama Mkwe Katikati ya Maandamano

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hata chakula hakipiti, mimi ni askari wa kutuliza ghasia na hiyo ghasia yenyewe ni mama mkwe wangu. Juzi kina mama waliandamana kwa sababu zahanati ya mtaa ikifika mchana inafungwa mpaka kesho yake, hata mwenye uchungu wa kuzaa anakuta kufuli, na taarifa ya maandamano walishaileta kituoni kama sheria inavyotaka, lakini mkuu wetu akatupanga barabarani na ngao, mimi katikati, kumbe kiongozi wao ni mama mkwe, akanijia moja kwa moja, nikajikuta nimeweka ngao chini na kofia nimevua, "Shikamoo mama," naye, "Marahaba mwanangu, mbona umekonda?" na mkoba wake nikaupokea kama ninavyoupokea kila akija nyumbani, sasa mkoba wa mkwe utamrudishiaje njiani, nikaubeba mpaka mlangoni kwa mkurugenzi wa halmashauri, nyuma yangu kina mama wanaimba. Gazeti likaandika: Askari aongoza maandamano. Kituoni sasa naitwa Afande Mkoba.

Alhamisi wanarudi tena, na mkuu ameapa bomu la machozi la kwanza nitalirusha mimi, ili nijisafishe. Nilimsihi mama abaki nyumbani, akaniuliza tu, "Zahanati imefunguliwa?" Mke wangu ana mimba ya miezi minane na mto wangu ameshauhamishia sebuleni. Nikikataa sina kazi, nikikubali sina mke. Je, nijifanye nina malaria?

Afande Mkoba

JIBU

Pole, afande, ingawa nimecheka mpaka chai ikanipalia. Malaria utapimiwa wapi wewe, na zahanati imefungwa?

Sasa nisikilize. Mtoto wako anakuja, na hatauliza kama ni mchana au usiku. Mama mkwe anatembea juani kwa ajili yake, wewe baba yake unawaza bomu! Aibu hukuona? Kuandamana kwa amani ni haki yao, si fadhila ya mkuu wako. Wametoa taarifa, hawakurusha hata kokoto. Kazi yako ni kuwalinda na kusimamisha magari wavuke salama.

Kesho asubuhi, kabla hujaanza kutetemeka, nenda kwa mkuu, piga saluti, mwambie hayo kwa adabu. Aking'ang'ania bomu, omba amri hiyo kwa maandishi, yenye sahihi yake. Utashangaa kalamu inavyoweza kuwa nzito. Naye akikutishia kazi, tafuta wakili mapema, usingoje kufukuzwa. Nakubali, unaweza kuumia. Lakini kumrushia bomu bibi wa mwanao ni kuumia maisha yako yote.

Mama usimwombe tena abaki nyumbani. Ukiwa kazini, shikamoo inatosha, mkoba aubebe mwenyewe. Na jioni ukaurudishe mto chumbani kwa unyenyekevu.

Alhamisi nami nitakuwepo, safu ya tatu, mwenye mwavuli wa njano. Nikikukuta unasimamisha magari, nitakusalimia. Nikikukuta na bomu, nitakuja na mama mkwe wako.