Nafasi Chini ya Mabati

Juru, Makazi ya Wakimbizi Nakivale
12 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Vénant,

Amani ya Bwana ikufikie huko Ubelgiji. Baridi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti tu, na maharage yamekubali.

Asante kwa picha za wasanifu majengo unaowasoma. Marehemu Zaha Hadid alikuwa hodari, lakini kuta zake zimepinda mno. Sijui timazi yangu ya kunyooshea ukuta ningeitundika wapi. Aliyenishika moyo ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Anajenga kwa udongo wa kwao, wanakijiji wakishiriki, halafu anainua bati mbali na dari ili joto litoke. Kumbe udongo si umaskini!

Unajua madarasa yetu ya mabati yanavyochoma mchana. Mwanangu Élyse alikuwa akirudi na kichwa kikimuuma, hataki shule tena. Basi nikaiomba kamati ya wazazi darasa moja kati ya matatu mapya nijaribu. Walikubali shingo upande: likishindwa, mawili yaliyobaki anapewa fundi mwingine.

Nilijenga kwa matofali ya udongo, dari ya matete, na bati juu ya nguzo za mikaratusi, nikiacha uwazi wa joto kutokea. Ijumaa nikaenda mjini Ruti kufuata misumari. Jumamosi, siku ya kazi ya pamoja kama kwetu Burundi, wazazi wakaona ule uwazi chini ya bati, wakadhani matofali yameniishia. Wakanihurumia, wakauziba wote! Niliporudi wakaniimbia. Nilitamani kulia. Nikameza machungu, nikawashukuru.

Jumatatu mchana kamati ikaja kukagua kabla sijazibua. Mzee Nehemiya, mwenyekiti, alivua koti, akajifuta jasho.

“Godeberthe, humu joto ni mingi, sawa na kule kwa zamani.”

Nilipanda ngazi na nyundo mbele yao, nikabomoa pande zote mbili, nikawaomba waketi tena. Tukangoja. Baadaye Mzee Nehemiya akavaa koti lake. Mwenye macho haambiwi tazama.

Madarasa mawili nimepewa, Vénant! Na jana Élyse aliitwa mara mbili ndipo akatoka darasani kuja kula.

Msalimie shemeji Munezero na mtoto wenu Valentin. Mama na kaka Cassien wanakukumbuka. Mungu aliyekuvusha huko akulinde, nawe usome. Udongo huku haujaisha.

Dada yako anayekupenda, fundi wa madarasa matatu,
Godeberthe