Kitabu Kilichobaki Kizuizini

Mjukuu wangu Driciru,

Hapa Arua tuko salama. Nyanya yako amepona kikohozi, na shangazi yako sasa anauza muhogo huko Inde sokoni.

Umeniuliza kutoka huko Kampala kama magendo yetu ya zamani yalikuwa biashara au wizi. Hata mimi sijui. Wakati wa serikali ya wanajeshi nilitoka Kongo kwa baiskeli, nikarudi kupitia Koboko. Ndani ya gunia la unga nilikuwa nimeficha santuri ya muziki wa Kongo na kitabu kimoja cha hadithi.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akachomoa santuri. "Hii nyimbo iko inasema nini?"

Sikujua Kilingala. Nikadanganya, "Inasifu jeshi."

Akanirudishia. "Na hii kitabu?"

Nikasema kweli, "Mwanamke anamngoja mumewe arudi."

Hicho akakichukua. Nilipogeuka nilimwona ameketi juu ya jiwe, anasoma.

Siku hizi malori yanapita mpakani mchana, wanasema ni biashara huria, nami nazidi kuchanganyikiwa. Nani alikuwa mwizi pale?

Nilikuwa nimefika nusu tu. Ukikikuta kitabu hicho maktabani, niandikie kama yule mume alirudi. Labda askari alijua.

Babu yako