Dakika Nne Ambazo Sikusoma

Kabeza, Kigali
Julai 1992

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana huko mbele huenda ukasahau. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima wa mwili. Vita mnayoisikia redioni iko kaskazini. Sisi wa hapa tunaamka, tunakwenda kazini uwanja wa ndege, tunarudi. Kilichoniumiza si vita.

Barua iliyopita nilijigamba, na nakujua, uliwasomea majirani wote. Nilikwambia kampuni yetu ya ndege za mizigo imemleta mhandisi wa kupima hewa inayopita ndani ya injini ndege ikiwa angani, na mimi ndiye msaidizi wake. Kazi yenyewe ni hivi: kwenye mdomo wa injini hufungwa mirija myembamba, hewa inaingia humo, na presha yake inaonekana kwenye geji zilizo ndani ya ndege. Mtu hukaa mbele ya geji hizo akaandika namba kila dakika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mirija aliifunga Fundi Kalisti, yule mzee wa Gikondo aliyenipokea nilipofika hapa sijui hata pa kununua maharage.

Mhandisi aliniuliza kama nimewahi kupanda ndege. Nikasema mara nyingi. Baba, unajua nilikuja huku kwa basi. Miaka yote hii nimezitengeneza zikiwa chini.

Tuliporuka tumbo likanigeuka. Dakika nne nzima kichwa changu kilikuwa ndani ya mfuko wa karatasi. Nilipoinuka nikakuta mistari minne mitupu kitabuni, nikaona aibu, nikaijaza. Nilichukua namba za mwisho, nikaongeza kidogo hapa, nikapunguza kidogo pale, zikapendeza kuliko za kweli.

Njia ya mwongo ni fupi. Kumbe katika dakika hizohizo rubani alipunguza nguvu ya injini, kama alivyopanga na mhandisi aliyekaa naye mbele, kisha akairudisha. Presha ya hewa ilipaswa kushuka sana. Kitabu changu kilionyesha haikushuka hata kidogo.

Tulipotua mhandisi akasema mirija imeziba. Fundi Kalisti akajibu kwa upole, akimwita patroni kama wanavyoita bosi huku, "Mirija iko sawa, patroni. Mimi nilipuliza yote, moja moja, na mdomo." Hakuna aliyemsikiliza. Akaambiwa akae nyumbani. Nami nimesimama palepale, kitabu kwapani.

Siku ya tatu akaja kwangu na ndizi alizopika mkewe. Akaniuliza, "Tumbo imepona?" Ndipo nikajua kwamba ule mfuko aliutoa yeye kwenye ndege, na hakuusema kwa mtu.

Nilikukumbuka wewe na kipimo chako cha mvua pale shamba la serikali. Ulipougua homa, uliporudi ukaandika "sikupima" kwa kila siku uliyolala kitandani, na bwana shamba akakukaripia mbele yangu. Nilikuwa mtoto, nikakuona mjinga. Nisamehe kwa hilo pia.

Kesho yake nilimwambia mhandisi ukweli. Hakufoka. Alinipa kalamu akaniambia nipige mstari juu ya kila namba ya uongo, ila iendelee kusomeka, na pembeni niandike "sikusoma" na jina langu kamili. Fundi amerudi kazini. Mimi nimerudishwa kuosha vyuma karakanani, na ni haki yangu.

Nisalimie dada yangu mkubwa na wanawe, na shangazi anayeniombea kila Ijumaa, mwambie asiache. Mama umwambie taratibu. Ile barua ya majigambo usimsomee mtu tena. Hii wasomee.

Jina langu kamili, Baba, linaishia na lako. Liko mle kitabuni mara nne, kando ya uongo wangu. Kwa hiyo leo natia langu peke yake.

Mwanao,
Hamisi