Mwanao Hakuwa Polisi, Adelina

Adelina mdogo wangu,

Nianze na jambo ambalo ungeniuliza kabla hata sijaketi: hapana, Kemilembe hakuwa polisi. Binti yako amemaliza chuo, ameajiriwa, na kazini anavaa nguo za kawaida, sketi zilezile ulizomshonea.

Najua uliondoka ukiwa na neno moyoni juu yangu. Alipochaguliwa kusomea haki jinai, wewe ulitaka uuguzi, na mimi ndiye niliyemwambia aende. Ulikuwa jikoni kwako Kitendaguro unamenya ndizi, hukuniangalia. "Mwalimu," ukasema, maana ukikasirika sikuwa tena kaka, "nyumba hii imeshapeleka mtu mmoja gerezani. Sasa unataka itoe na wa kufunga wenzake?" Nilianza kukueleza. Ukasema nikianza kueleza, chakula kinapoa. Miezi mitatu baadaye tukakuzika, na maelezo yangu nikabaki nayo.

Basi nivumilie. Leo huna chungu motoni.

Tulidhani wote, hata mimi kidogo, kwamba anayesomea mambo ya jinai anakwenda kukamata watu. Sivyo. Kemilembe amesoma kwa nini watu hukosa, mahakama na magereza hufanyaje kazi, na aliyefungwa anarudije kuishi na wenzake. Hiyo si shahada ya sheria. Kuwa hakimu au mwendesha mashtaka kuna njia yake. Kati ya wenzake aliohitimu nao, mmoja kweli ameingia upelelezi. Mwingine yuko maabara, anachunguza alama za vidole. Yule mrefu aliyekuja kwenye msiba wako yuko magereza, anawaandaa wafungwa kurudi makwao. Mwanao ni afisa probesheni. Mtu akitiwa hatiani kwa kosa lisilo kubwa sana, hakimu anaweza kumtuma Kemilembe nyumbani kwake kabla ya kutoa adhabu, akaulize anaishije, anamtunza nani, majirani wanamwonaje. Anaandika taarifa. Hakimu akiridhika, mtu yule hafungwi. Anafanya kazi za jamii bila malipo huku analala kwake.

Marehemu mumeo alipofungwa kwa nyavu zile haramu za kisiwa cha Goziba, ulilalamika miaka yote kwamba hakuna aliyekuja kuuliza huyu ni mtu wa namna gani. Sasa mwanao ndiye anayekwenda kuuliza.

Lakini nusura aharibu kazi yake ya kwanza. Ilimhusu mvuvi, Deusi, aliyekamatwa kisiwani hukohuko na nyavu haramu, akakiri. Kemilembe akaenda kwa mama yake, kijiji kimoja cha Muleba. Yule mama akamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyompokea mgeni yeyote. Mwanao akakataa. Chuoni walimfundisha asipokee kitu kwa watu wa kesi, naye akalishika hilo kama amri ya Musa. Mama akarudisha kikapu ndani, akafunga mlango. Kwake, mgeni anayekataa kahawa amekuja na ubaya. Alielewa kwamba mwanawe ameshafungwa. Majirani nao ghafla wakawa hawajui lolote. Mmoja alidai hata jina la Deusi analisikia kwa mara ya kwanza.

Akanijia hapa Buhembe, analia kwa hasira. Taarifa ilitakiwa baada ya siku nne na karatasi ilikuwa tupu. Bila maneno ya watu wale, Deusi angekwenda gerezani. Nikamwambia rushwa ni kitu unachopewa ili upindishe, lakini kahawa hupewa hata mtu aliyekuja kugombana. Amuulize mkubwa wake, kisha arudi akaiombe mwenyewe. Mkubwa wake alicheka, akamwambia atafune, na aandike kwenye taarifa kwamba alitafuna.

Akarudi. Akapiga magoti mlangoni, akasalimia kwa Kihaya, akaomba kahawa. Mama Deusi akafungua mlango.

"Kumbe una mama," akasema. "Nilidhani umezaliwa ofisini."

Akamletea kikapu. Walizungumza mpaka jioni. Majirani wakaja mmoja mmoja. Hata yule waliyegombania naye mpaka wa kibanja, shamba la migomba, alimsema Deusi vizuri, ingawa kwa shingo upande.

Deusi hakufungwa, Adelina. Kila asubuhi anafyeka majani na kusafisha zahanati ya kijiji, mchana yuko na watoto wake. Wakati mwingine anachelewa, na binti yako anamfokea kwa sauti yako kabisa.

Siku Kemilembe aliponipigia simu kunieleza uamuzi wa hakimu, nilikaa kwenye ngazi za nyumba, nikashusha pumzi. Nadhani nilikuwa nimeishikilia tangu msiba. Nikukirie jambo: sijafika kaburini kwako tangu tulipokuzika. Nimekuwa nikituma watu wapalilie, nasingizia goti. Goti ni zima. Niliogopa kusimama pale nikiwa sijui kama nilimpoteza mtoto wako. Sasa najua sikumpoteza. Kama ungali umekasirika, kasirika tu. Mimi siogopi tena kuja.

Jumamosi nakuja mwenyewe, na jembe. Nakuahidi, maadamu nina nguvu, hakuna mwingine atakayepalilia kwako.

Pumzika, mdogo wangu.

Kaka yako