Mbege Iliyozungushwa kwa Bajaji

Mama Neema, mke wangu,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mtoto awe amepona kikohozi. Mimi mwili haujambo, ila nimekwama, nimekwama kabisa. Sikupigi simu kwa sababu ungecheka kabla sijafika mwisho.

Yale madumu mawili ya mbege yako ya ndizi uliyonipa nilipotoka Rombo, bosi wangu mwenye baa hapa Babati alionja moja akaipenda. Akauliza nani kaipika. Nikasema mimi. Usinilaani. Nilikuwa mfagiaji tu, na siku hiyohiyo akanifanya mpishi wa pombe. Akanunua kegi, lile pipa la chuma lenye bomba, na mtungi wa gesi. Anataka mbege itoke na povu kama bia ya kiwandani kwenye harusi ya binti yake.

Dumu la pili nikalimimina kwenye kegi, nikafungulia gesi. Haikuingia. Nikasikia ukitikisa inaingia upesi, basi nikaipakia kwenye bajaji, tukazunguka mtaa wa Nangara wote juani, tukitafuta makorongo kwa makusudi. Dereva akaniuliza, "Mzee, mgonjwa ni hili pipa au ni wewe?"

Tuliporudi, bosi alikuwa amekaa na wakwe zake kutoka Mbulu. Nikafungua bomba palepale. Povu lilimrukia baba mkwe wake kuanzia kofia hadi viatu! Kilichobaki kwenye glasi kilikuwa maji ya ndizi.

"Zimebaki siku nane harusi ifike," bosi akasema. "Nikiona haya maji tena, chukua begi lako."

Fundi wa friji kanieleza kosa langu. Gesi haikai kwenye pombe ya moto. Ipoze kwanza, ndipo uitikise, halafu iache ilale. Iache ilale! Maneno yako miaka yote, nami nilidhani ni uvivu.

Kwa hiyo povu nitaliweza. Mbege yenyewe ndiyo siijui. Ulezi unaingia lini? Sijui. Nikirudi tena mikono mitupu, kama nilivyorudi kutoka machimboni, baba yako nitamtazama kwa macho gani?

Leo asubuhi nikamwambia bosi ukweli. Akaniuliza, "Sasa mwenye kazi ni nani?" Nikataja jina lako. Alifurahi mno, akasema uje upesi, mpaka nimeogopa. Ukija, sioni atanihitaji kwa lipi.

Njoo hivyohivyo, tafadhali. Ndizi nimeshanunua.

Mpe mama shikamoo yangu, na shemeji fundi cherehani msalimie, ila usimsomee hii.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema, msaidizi wako ukinikubali.