Sukuma Zilizolegea

Mutheu wangu,

Hujambo huko bwenini? Sisi wa Kaloleni hatujambo. Babu yako bado anabishana na redio, na redio bado inamshinda.

Umeniuliza nilikumbukaje mambo ya seli. Mimi nilifundishwa na mboga ya sukuma wiki. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtihani wa kidato cha nne ukikaribia, nilikuwa nikidurusu na rafiki yangu Halima kwenye kibanda cha mboga cha mama. Siku moja mama aliloweka sukuma kwenye maji ya chumvi kutoa wadudu, soga zikamkolea, akazisahau. Alipozitoa zilikuwa zimelegea kama matambara. Akataka kuwapa kuku.

"Mama, ngoja!" Halima akaruka. "Chumvi imevuta maji tu, yakapita kwenye utando wa seli. Ukuta wa seli bado umesimama."

Tukazitia kwenye maji safi. Kufikia jioni zilikuwa zimekakamaa, wateja wakazigombania.

Mama akakitazama kitabu chetu. "Kumbe hiki kinajua mboga!"

Sasa unasema mtihani wa kwanza umekulegeza. Njoo likizo, mama. Ukuta wako bado umesimama.

Nyanya yako, mwenye maji safi