Sauti Kumi na Tisa za Mama

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Waendeleaje, na goti je? Mimi mzima kiasi. Tangu mmzike Mama bila mimi, chakula nakula kwa kujilazimisha.

Zile sauti kumi na tisa alizonirekodia kwenye kompyuta, naomba unipakizie kwenye kompyuta ya huku kazini, ile tunayoiita seva. Haizimwi kamwe, nitazifungua popote nilipo. Fungua programu niliyokuwekea, andika anwani na neno la siri. Utaona pande mbili: kushoto kompyuta yako, kulia yangu. Shika faili kushoto, livute kulia, achia. Sauti ni nzito, kila moja utaisubiri sana mpaka ifike. Lako linabaki palepale, kinachosafiri ni nakala. Ukiona majina yote kumi na tisa kulia, kazi imekwisha.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mwenyewe. Nyumba imepooza, lakini tupo.

Nimeweza! Fundi cherehani mzima nimepigana na kipanya asubuhi nzima. Mama yako aliziweka mbele kabisa, ukiwasha tu unaziona, kila moja na kimshale chake pembeni. Nimevuta moja moja. Ulinitisha eti sauti ni nzito, nitasubiri sana. Mbona zimeruka kufumba na kufumbua? Majina yote yako kulia.

Sasa kompyuta hii sitaki kuiona. Nikipita hapo naona kiti chake. Shangazi yako anaitaka dukani, achapie watu barua. Kama zimefika salama, niambie nimpe.

Baba yako

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Hongera, fundi wangu! Majina yote nimeyaona. Mpe shangazi. Kusikiliza bado sijathubutu. Naogopa nitaanguka hapahapa. Nikijikaza nitakuandikia.

Mwanao

28 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima.

Jana nilijikaza, nikafungua. Hamna kitu. Vile vyenye kimshale ni njia za mkato, yaani vibao tu vya kuonyesha sauti ilipo ndani ya kompyuta yako. Vibao vimefika, sauti zenyewe hazikutoka huko. Ndiyo maana ziliruka.

Kosa si lako. Nilikwambia uangalie majina, sikukwambia uangalie uzito. Na ningefungua siku ileile, ungerudia tu. Nimempigia shangazi. Fundi wake alifuta kila kitu kabla hawajaanza kuitumia. Wamejaribu kurudisha, wameshindwa.

Nisamehe, Baba. Niandikie basi unayoyakumbuka, hata maneno mawili. Aliniambia nini?

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili haujambo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta, usidhani nimekununia.

Sikumbuki kwa sababu sikusikia. Kila akitaka kurekodi alinitoa chumbani. "Nenda kashone huko, haya ni ya mwanangu. Akishasikia yeye, atakusikilizisha na wewe." Nikakaa sebuleni nakanyaga cherehani kwa nguvu, asije akasema natega sikio. Siku moja nilimsikia anacheka sana, peke yake. Siku ya mwisho alilia kidogo, kisha akaniita nikamzimie kompyuta.

Ninayo hayo tu. Mengine nilikuwa nangoja wewe unisikilizishe.

Baba yako